Kupanda na Kushuka kwa Moyo



Mtu yeyote alimaye mpunga hapa Kakese aijua kazi ya asubuhi. Kabla ya jambo lolote huenda jarubani kutazama maji. Leo yamepanda kidogo, kesho yamepungua kidogo. Hilo halimtii hofu, maana ndiyo desturi ya maji. Lakini akiona tuta limeanza kulika, au siku tatu mfululizo maji yapanda wala mvua haikunyesha, hapo hasemi, "Nitatazama kesho." Huchukua jembe.

Leo twataka kuandika habari za moyo wa mtu, hasa moyo wa mtu mwenye ugonjwa uitwao baipola, na sababu ya mtu huyo kupaswa kuutazama moyo wake kila siku kama mkulima atazamavyo maji. Twaandika kwa kuwa ugonjwa huo ni wetu sisi wenyewe. Tumekuwa nao tangu mwaka 2017. Wengi wenu mlituona tulipozidiwa, lakini hatujapata kuwaeleza jambo lenyewe kwa vinywa vyetu.

Mwaka ule, mwezi wa Juni, mavuno yalikuwa mema. Tukaanza kuona kana kwamba usingizi hauna kazi tena mwilini mwetu. Tulilala muda wa saa tatu, tukaamka wepesi kuliko aliyelala usiku kucha. Usiku tulitunga nyimbo za kwaya, asubuhi tulifundisha kwa sauti kubwa, mchana tulizunguka nyumba kwa nyumba tukiwaeleza watu mambo makubwa tutakayoyafanya. Maneno yalitoka kinywani upesi kuliko masikio ya watu yalivyoweza kuyapokea. Hatukujiona wagonjwa hata kidogo. Tulijiona tumepona ujinga wa miaka yote iliyopita. Ndipo tulipouza magunia 18 ya mpunga, yaani chakula cha nyumba na karo ya watoto, tukanunua pikipiki, na wiki ile ile tukampa kijana mmoja tuliyekutana naye njiani, kwa sababu alisema miguu yamuuma. Mama watoto alipolia, tulimcheka.

Halafu, kabla ya mwezi wa Agosti kwisha, furaha ile ilizimika kama taa iliyokwisha mafuta. Tuliamka asubuhi moja tukashindwa kuvaa viatu. Si kwamba miguu ilikuwa na maradhi. Ni kwamba kuvaa viatu kulionekana kazi kubwa kama kuvunja jiwe. Chakula kilikuwa kama majivu. Tuliona haya kwa ajili ya mpunga, kwa ajili ya pikipiki, kwa ajili ya kila neno tulilolinena, na haya ile ikawa nzito hata tukaanza kuona kwamba watoto wetu wangekuwa heri bila sisi. Neno hilo hatukumwambia mtu kwa muda wa siku tisa. Siku ya kumi tulimwambia kaka yetu mkubwa. Yeye hakutukemea wala hakutuhubiria. Alisema, "Mdogo wangu, leo utalala kwangu, na kesho twaenda Mpanda." Twaamini kwamba maneno yale machache ndiyo yaliyotuweka hai mpaka leo.

Kabla ya siku ile maneno yalikuwa mengi kijijini. Wengine walisema tumerogwa kwa wivu wa mavuno. Wengine walisema ni pepo. Wengine walisema ni bangi, ingawa hatujapata kuivuta. Hatuwalaumu, kwani hata sisi tuliosoma hatukuwa na jina la jambo lile. Lakini yafaa mjue kwamba jambo lile lina jina, na lajulikana tangu zamani. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Paris, jina lake Jean-Pierre Falret, aliandika habari za wagonjwa waliopita katika msisimko, kisha huzuni, kisha utulivu, kama gurudumu lizungukalo. Mwaka 1899 Emil Kraepelin, daktari wa Ujerumani, alizikusanya hali hizo mbili kuwa ugonjwa mmoja, akautenga na magonjwa mengine ya akili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 40 duniani walikuwa nao. Basi mgonjwa wa Kakese si kioja. Anao wenzake katika kila taifa, weusi kwa weupe, wasomi kwa wasiosoma.

Katika nchi yetu nako utunzaji wa wagonjwa wa namna hii si jambo la jana. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari walijenga makao mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao yale yaligeuka kuwa mahali pa kuwatunzia wagonjwa wa akili, na kazi hiyo imeendelea. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilianza mwaka 1927. Twajua kwamba watoto wakigombana husema, "Utapelekwa Mirembe," kana kwamba ni tusi. Yatupasa tuwafundishe kwamba Mirembe ni hospitali, kama ilivyo hospitali ya macho au ya mifupa, na kwamba anayepelekwa huko apelekwa kutibiwa.

Sasa twaja kwenye jambo tulilokusudia. Tangu tulipopewa jina la ugonjwa, watu wengi, na sisi wenyewe kwanza, tulidhani kwamba baipola maana yake ni mtu kucheka asubuhi na kulia jioni. Sivyo. Daktari alitueleza vizuri. Kupanda kwenyewe, kule kwa ugonjwa, hudumu siku nyingi mfululizo, mara nyingi wiki moja au zaidi. Na kushuka hudumu wiki mbili au zaidi, pengine miezi. Katikati ya hayo mgonjwa aweza kukaa muda mrefu akiwa mzima kama mtu yeyote. Lakini ndani ya siku moja moyo wa kila binadamu hupanda na kushuka, mgonjwa kwa mzima. Kazi ngumu ya mwenye ugonjwa huu ni kupambanua: je, hili la leo ni moyo wangu tu, au ni ugonjwa unaobisha hodi?

Swali hilo si dogo. Mtu mwingine akiamka na furaha huifurahia. Sisi tukiamka na furaha twauliza imetoka wapi. Mtu mwingine akihuzunika husubiri kesho. Sisi twahuzunika, na juu yake twaogopa. Kwa mwaka wa kwanza tuliishi hivyo, tukijipeleleza kama askari ampelelezavyo mwizi, hata tukachoka kuliko tulivyochoshwa na ugonjwa.

Ndipo daktari alipotushauri tuwe na daftari. Tulichukua daftari la kawaida la mistari, lile wanalotumia wanafunzi, tukapiga safu nne. Safu ya kwanza ni muda tuliolala. Safu ya pili ni moyo: sifuri ni hali ya kawaida, moja hadi tatu juu, moja hadi tatu chini. Safu ya tatu ni dawa, kama tumemeza au tumesahau. Safu ya nne ni jambo lililotokea siku ile, kwa maneno machache: "msiba kwa jirani", "mtoto ana homa", "mshahara umechelewa", "mvua ya kwanza". Twaandika kila jioni kabla ya kulala, wala haichukui muda mrefu kuliko kuwasha jiko la mkaa. Tumejaza madaftari kadhaa, nayo yametufundisha mambo manne ambayo huenda yakawafaa wengine.

Jambo la kwanza ni hili. Tulipokuwa tumeshuka, asubuhi ilikuwa nzito kuliko jioni. Saa kumi na moja alfajiri tuliandika tatu chini. Saa kumi jioni siku ile ile, moja chini. Daktari alisema jambo hilo lajulikana sana katika huzuni ya ugonjwa. Basi tulijiwekea sheria: hakuna hukumu kabla ya adhuhuri. Asubuhi tukiona kwamba maisha yetu hayana maana, hatubishani na wazo hilo wala hatulitii. Twaliambia lingoje mpaka saa sita. Mara nyingi, saa sita ikifika, wazo lenyewe limekwisha punguza sauti.

Jambo la pili: usingizi hutangulia moyo. Kabla ya kila kupanda kwetu, daftari laonyesha saa za kulala zikipungua, saba, kisha tano, kisha nne, wala hatukuona uchovu. Tena si ishara tu. Kukosa usingizi kwenyewe kwaweza kumwamsha mgonjwa ugonjwa wake. Kwa hiyo mambo yanayokesha watu wengine bila dhara, kama matanga, safari za usiku, na mikesha, kwetu ni kama kucheza na moto karibu na nyasi kavu. Hatukuacha kwenda. Twaenda mkeshani, twaimba mpaka saa nne usiku, kisha twaaga na kwenda kulala. Mwanzoni watu walinong'ona kwamba mwalimu amepoa imani. Tuliwaza sana neno hilo. Lakini Mungu aliyeumba usiku ndiye aliyeumba usingizi, wala hatuoni kwamba twamheshimu kwa kuuvunja mwili aliotupa.

Jambo la tatu: kupanda na kushuka kwa siku moja karibu kila mara kuna sababu katika safu ya nne. Njaa ya mchana, ugomvi, homa, habari njema kutoka kwa ndugu. Tena hupita. Ugonjwa hautaki sababu, na hata ukianzia kwenye sababu, hubaki sababu ikiisha ondoka. Basi siku moja mbaya hatuiiti ugonjwa. Siku tatu zikifuatana, namba zikielekea upande mmoja, na usingizi umebadilika, hapo twachukua jembe.

Jambo la nne ni la hatari kuliko yote. Zipo siku hali mbili huchanganyika: moyo uko chini lakini mwili hautulii, mawazo yakimbia, na huzuni inapata nguvu za kutenda. Mtu akijiona hivyo, au akimwona ndugu yake hivyo, asingoje daftari. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku ile ile.

Wasomaji, msidhani kwamba daftari limeondoa kila shida. Twataka kuwasimulia mambo mawili yaliyotupata, moja la kutuaibisha na moja la kutuumiza.

La kwanza lilikuwa juma moja kabla ya Pasaka. Tulirudi kutoka mazoezi ya kwaya tukiwa na furaha kubwa, tukaanza kupanga kununua vinanda viwili kwa mkopo. Mama watoto alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho, aliuliza tu, "Mwalimu, jana ulilala saa ngapi?" Tuliwaka hasira. Tulimwambia kwamba tangu siku alipolijua jina la ugonjwa hajaona mume tena, aona mgonjwa. Kwamba mtu hawezi kucheka nyumbani mwake mwenyewe bila kuulizwa maswali ya hospitali. Yeye alinyamaza. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na daftari, akaliweka mbele yetu bila kulifungua, akarudi kwenye mchele wake. Tulilifungua kwa kiburi ili tumwonyeshe kwamba amekosea. Tulikuta tumeandika kwa mkono wetu: saba, sita, nne na nusu, tatu. Tulikaa kimya mbele ya namba zile muda mrefu. Kesho yake tulipanda pikipiki kwenda Mpanda, daktari akaongeza kipimo cha dawa, na Pasaka tuliimba kwa vinanda vya zamani.

La pili ni kinyume chake. Katika mkutano mmoja tulisimama kusema juu ya fedha za wazazi ambazo hazikuelezwa vizuri. Tulikuwa tumelala muda wa saa saba, moyo ulikuwa sifuri, na maneno yetu yalikuwa ya kweli. Mtu mmoja aliyekaa mbele alisema kwa sauti, "Mwalimu, leo umemeza dawa?" Watu wakacheka, na hoja yetu ikafa pale pale. Tulirudi nyumbani tukaandika: mbili chini. Safu ya nne tuliandika: "kicheko". Hakuna kidonge kiondoacho jambo la namna hiyo. Mgonjwa huyu anayo haki ya kukasirika pasipo kuambiwa kwamba hasira yake ni ugonjwa, na anayo haki ya kufurahi pasipo kupimwa kila mara. Mkimnyang'anya haki hiyo, mwamfundisha kuficha. Na anayeficha ndiye apoteaye.

Kwa ajili ya mambo hayo mawili tulikaa na mama watoto tukaagana. Yeye ataweza kuuliza juu ya usingizi wakati wowote, nasi tutajibu bila hasira, lakini hatasema, "Ni kichwa chako hicho." Kaka yetu naye ni shahidi: wote wawili wakisema twende hospitali, twaenda kwanza, tutabishana tukirudi. Na fedha yoyote ipitayo shilingi 50,000 hungoja mapambazuko matatu kabla ya kutumiwa. Jambo jema laweza kungoja siku tatu. Jambo la ugonjwa ndilo haliwezi kungoja. Huja na haraka yake, na haraka hiyo ndiyo huliumbua.

Neno juu ya dawa. Mwaka 1949 John Cade, daktari wa Australia, alitangaza kwamba chumvi ya madini yaitwayo lithiamu ilikuwa imewatuliza wagonjwa wake waliokuwa wamepanda. Mpaka leo lithiamu ni mojawapo ya dawa bora za ugonjwa huu. Lakini yataka kupimwa damu mara kwa mara, kwani kipimo kinachosaidia na kipimo kinachodhuru vyakaribiana. Anayeitumia anywe maji ya kutosha, asibadili ghafula chumvi ya chakula, awahi hospitali akiharisha au kutapika sana, wala asinunue dukani dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki pasipo kumwuliza daktari. Sisi twameza valproeti, asubuhi na jioni. Dawa hii yaweza kumdhuru sana mtoto aliye tumboni; kwa hiyo mwanamke anayeweza kupata mimba amweleze daktari mapema, wala asiiache kwa hofu bila shauri lake, kwani kuacha ghafula nako kuna hatari. Tena, ajionaye mwenye huzuni asiazime vidonge vya huzuni kwa jirani: kwa mwenye baipola vidonge hivyo peke yake vyaweza kumrusha juu. Pombe na bangi ni adui wa matibabu haya yote.

Wengi huacha dawa siku wanapojisikia wazima. Nasi tulifanya hivyo mwaka 2019. Tulisema, "Tumepona, kwa nini tumeze?" Tulikuwa kama mtu anayebomoa tuta kwa sababu jaruba halijafurika, asijue kwamba halikufurika kwa sababu ya tuta. Kabla ya mwezi wa tatu kwisha tulirudi tulikotoka. Na maombi je? Twaomba kila siku. Twaomba na kumeza, kama vile twaombavyo mvua na kulima.

Sasa ninyi majirani, mtafanya nini? Mkimwona mtu amepanda, msibishane naye mbele ya watu, wala msimfanye mchezo wa kutazamwa. Semeni naye polepole, punguzeni kelele, watafuteni watu anaowaamini. Msimfunge kamba wala msimpige. Akili iliyougua haiponi kwa fimbo. Mkimwona ameshuka, msimwambie, "Jikaze." Kama kujikaza kungetosha, angekwisha jikaza zamani. Kaeni naye, mpikieni uji, mpelekeni hospitali. Na akisema hatamani kuishi, msione ni maneno tu. Mwulizeni waziwazi, naye hatajidhuru kwa sababu ya kuulizwa. Huenda akapona kwa sababu hiyo.

Nasi tunaougua, tusione haya kuutazama moyo wetu. Mkulima hawi mwoga kwa kutazama maji kila siku. Ni mkulima aliyekwisha kupoteza shamba mara moja. Twakiri kwamba bado tunayo majonzi: zipo furaha nyingine tulizozipima mno hata zikapoa mikononi mwetu, nazo hazitarudi. Lakini watoto wetu wapo shuleni, mpunga upo ghalani, na usiku mama watoto hulala usingizi, jambo ambalo mwaka 2017 hakulipata.

Leo tumelala muda wa saa saba kasoro robo. Dawa tumemeza. Moyo ulikuwa moja juu tulipoanza kuandika, na katika safu ya nne tutaandika, "Tumewaambia." Kama kesho utakuwa moja chini kwa kuyafikiri mtakayosema, hilo nalo lina sababu, nalo litapita.

Wasalaam.

Ni sisi, mwalimu wenu, Kakese.